Pampu Haiumwi, Tangi Limeishiwa Upepo

Miaka ya kuishi na kisima imenizoesha sauti moja ambayo mwenye nyumba huitambua hata akiwa usingizini: tak ya swichi ya presha, mngurumo mfupi wa mota, tak nyingine, kimya, kisha yote yanaanza upya. Bomba moja tu la jikoni limefunguliwa, mtu anasuuza vikombe, na huko nje mashine inawaka na kuzima kama indiketa ya daladala. Hukumu inayotolewa juu ya sauti hiyo, karibu kila mtaa wa Dar es Salaam wenye visima, ni ileile: pampu imechoka. Fundi huitwa, husikiliza kidogo, hukubaliana na mwenye nyumba, na kabla ya magharibi pampu mpya imefungwa na ya zamani imeondoka kama chuma chakavu. Usiku huohuo pampu mpya nayo huanza tak-tak. Hapo lawama huhamia kwa wauza bidhaa feki, kwa umeme wa mtaa, hata kwa maji ya chumvi. Nikikusanya yote niliyoyaona na kuyasikia juu ya jambo hili, yananifikisha kwenye hoja moja, nami nitaitetea hapa: mashine inayowaka na kuzima harakaharaka mara nyingi ni nzima kabisa. Kilichopungua ni upepo ndani ya tangi la presha, na upepo huo hupimwa kwa geji ya tairi na kujazwa kwa pampu ya baiskeli.

Tuanze na pampu yenyewe, maana ndiyo mshitakiwa. Swichi ya presha haina habari na pampu. Inajua namba mbili tu. Presha ya maji ikishuka hadi namba ya chini, tuseme psi 20, swichi inakutanisha pointi zake na mota inapata umeme. Presha ikipanda hadi namba ya juu, tuseme psi 40, pointi zinaachana na mota inazima. Kwa anayesoma geji ya bar, hizo ni 1.4 na 2.8. Sasa jiulize pampu iliyochoka ingefanya nini. Impela zake zimelika kwa mchanga, maji yanapanda kwa kujikongoja, na ile psi 40 inafikiwa kwa taabu au haifikiwi kabisa. Pampu ya namna hiyo haizimi upesi. Hunguruma mfululizo, mota inapata joto, mabomba yanatoa maji mnyong'onyo, mpaka mtu anaamua kuizima kwa mkono. Pampu inayofika psi 40 ndani ya sekunde mbili haiwezi kuwa ileile tunayoiita chovu. Kama inafika mapema mno, basi kuna kitu kimeusogeza mstari wa kumalizia karibu na mstari wa kuanzia, na pampu haina uwezo wa kufanya hivyo peke yake.

Kinachousogeza mstari ni hewa. Mafundi wa Kiswahili, nadhani kwa kuazima kwa mafundi wa matairi, huiita upepo, na neno hilo limekaa vizuri kuliko wanavyojua, kwa sababu tangi la presha linafanya kazi kwa kanuni ileile ya tairi. Ndani ya tangi la chuma kuna mfuko wa mpira. Maji huingia ndani ya mfuko, hewa hukaa kati ya mfuko na chuma. Pampu inaposukuma maji, mfuko unavimba na hewa inabanwa. Ukifungua bomba, hewa iliyobanwa inausukuma mfuko na maji yanatoka bila mota kuguswa. Robert Boyle, mtaalamu mzaliwa wa Ireland, alichapisha mwaka 1660 majaribio yake juu ya kile alichokiita springi ya hewa, na katika toleo la 1662 akaongeza hesabu inayotumika hadi leo: ibane hewa hadi nusu ya nafasi yake, presha yake inakuwa maradufu, ilimradi joto halibadiliki. Maji hayana springi hiyo. Chukua lita 24 za maji, zipandishe kutoka psi 20 hadi 40, zitapungua kwa kama mililita moja na nusu, yaani hata theluthi ya kijiko cha chai haifiki. Kwa hiyo tangi lililojaa maji tupu, bila hewa, haliweki akiba yoyote. Toa matone machache tu na presha yote imeanguka. Rudisha matone hayo machache na presha yote imerudi. Swichi inatii, na mota inacheza kwa amri yake.

Hesabu inafaa kufanywa hadi mwisho, kwa sababu ndiyo ushahidi wenyewe. Tangi linalouzwa sana pamoja na pampu ndogo za nyumbani, lile linalolala chali na pampu ikakaa mgongoni mwake, ni la lita 24. Kwa swichi ya 20 na 40, hewa ya awali, yaani ile inayowekwa kabla maji hayajaingia, inatakiwa iwe psi 2 chini ya namba ya kuwashia: psi 18. Ukiipigia kanuni ya Boyle, bila kusahau kuongeza presha ya anga, kati ya pampu kuzima na kuwaka tena zinatoka lita 8 na kidogo. Nyingine zote, kati ya zile 24, ni nafasi ya hewa na maji yasiyotoka. Hapo tayari kuna la kujifunza kwa anayedhani kwamba tangi la lita 24 linahifadhi lita 24. Acha hewa ishuke hadi psi 5, zinabaki lita 5. Acha ishuke hadi sifuri, zinabaki lita 3 na robo tatu hivi. Na kwa kuwa hewa inayovuja haisimami hapo, maana maji yanaendelea kuusukuma mfuko na kuikamua iliyobaki kupitia palepale inapovujia, mwishowe mfuko unagusa chuma pande zote na tunaishia kwenye ile theluthi ya kijiko. Safari hii huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na ndiyo maana hakuna anayeiona. Watu huzoea tak ya kila dakika, kisha tak ya kila nusu dakika, na siku wanaposhtuka ni tak ya kila sekunde, wakasema imeanza ghafla.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na wenye bidii ndio wanaolifanya. Mtu akisikia kwamba upepo ni dawa, hujaza mpaka mkono uchoke. Tangi lilelile likipewa psi 36 na swichi ikabaki 20 na 40, linapokea maji kidogo sana pale juu kabisa, si zaidi ya lita moja na robo tatu. Maji hayo yakiisha, mfuko umekuwa mtupu ilhali presha ingali psi 36, mbali na namba ya kuwashia. Inaanguka kwa mkupuo hadi 20. Aliye bafuni na sabuni usoni anaona maji yamekata, kisha yanarudi kwa kishindo. Dalili hiyo, ya maji kukatika nukta moja kabla ya mota kuwaka, ni karibu sahihi ya tangi lililoshibishwa hewa kupita kiasi.

Sasa, hewa huendaje ikiwa tangi ni la chuma na mfuko ni wa mpira mzima? Mpira hauzuii hewa moja kwa moja. Baiskeli iliyowekwa stoo bila kuguswa hukutwa na matairi laini, na hakuna mwiba ulioyatoboa. Hewa hupenya polepole, na nyingine hupitia kwenye valvu ya kujazia, hasa kama kile kifuniko kidogo cha plastiki kilipotea siku ya kwanza. Matangi ya zamani ya mabati, yasiyokuwa na mfuko, yalikuwa na tatizo hilo kwa ukubwa zaidi: hewa iligusana na maji, na hewa iliyo chini ya presha huyeyuka ndani ya maji, ikatoka nayo bombani kama ule weupe unaoonekana kwenye glasi na kutoweka baada ya muda. Mfuko ulibuniwa kuzuia ndoa hiyo. Umeipunguza sana, haujaivunja. Kisha kuna mfuko uliopasuka, ambao ni habari nyingine, kwa sababu hapo kujaza upepo ni sawa na kujaza pakacha. Na lipo jambo moja la wazi ambalo hupuuzwa: hewa inayowekwa kiwandani haikuwekwa kwa ajili ya swichi yako. Tangi limetoka mbali, limekaa bandarini na dukani, na swichi iliyofungwa pembeni yake pengine inatoka kampuni nyingine kabisa.

Uchunguzi unaanzia kwenye swali ambalo halihitaji kifaa: je, mashine inawaka wakati hakuna anayetumia maji? Funga mabomba yote, waambie wote nyumbani wasiguse maji kwa nusu saa, ukae usikilize. Ikiwaka yenyewe, maji yanapotea mahali, na tangi si mtuhumiwa wa kwanza. Huenda ni choo kinachovuja taratibu kutoka kwenye kisanduku chake kuingia bakulini, huenda ni bomba la chini ya sakafu, huenda ni valvu ya kuzuia maji kurudi, iliyoshikwa na mchanga, inayoyaachia maji yateremke kisimani. Ikiwa kimya nusu saa nzima, lakini inatapatapa mara bomba linapofunguliwa, basi elekea kwenye tangi. Lipigepige kwa vifundo vya vidole. Debe tupu haliachi kuvika, na hapa kuvika ndiko afya. Tangi linalotoa sauti nzito kila upande, na ambalo halitikisiki ukilisukuma, limejaa maji. Kisha toa kifuniko cha valvu ya upepo na ubonyeze kile kijiti cha katikati kwa ncha ya ufunguo. Ikitoka hewa, vema. Kisipotoka kitu, hewa imekwisha. Yakitoka maji, mfuko umepasuka. Hununuliwa mfuko mpya, boliti za flanji zinafunguliwa, wa zamani unavutwa nje na mpya unaingizwa, na tangi la chuma linabaki lilelile.

Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu kuna kosa moja linaloharibu hata kazi ya wenye nia njema. Mtu anachukua geji ya tairi, anaibana kwenye valvu ya tangi huku maji yamo ndani na mfumo uko kwenye presha, anasoma psi 30, anasema upepo upo wa kutosha, na jambo linafungwa. Alichosoma ni presha ya maji. Mfuko wa mpira ni laini, kwa hiyo hewa iliyo upande huu lazima ilingane na maji yaliyo upande ule. Hata kama imebaki hewa ya kujaza kikombe, geji itasema 30. Mbaya zaidi ni yule anayejua kwamba namba sahihi ni 18, akaona 30, akapunguza. Ametoa kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Njia sahihi ni kuzima umeme kwenye mein swichi, kufungua bomba lililo chini kabisa, kuacha maji yatoke mpaka yakome yenyewe, na kuliacha bomba likiwa wazi. Ndipo geji inaposema kweli. Ndipo pia unapojaza, bomba likiwa bado wazi; tangi lililokuwa limelowa litaendelea kutapika maji wakati unajaza, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamekalia nafasi ya hewa. Ukifika psi 18, funga bomba, washa umeme, sikiliza. Usivuke kamwe kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tangi.

Swichi nayo ina maradhi yake, ingawa machache. Inapata habari za presha kupitia tundu jembamba, na maji ya visima vya pwani, yenye chumvi na kutu, huliziba tundu hilo taratibu. Swichi iliyozibwa husikia presha kwa kuchelewa, au husikia kila mtikisiko wa bomba kama habari mpya. Sisimizi nao hupenda kujenga kwenye pointi zake, na mjusi mmoja mwenye bahati mbaya anatosha kuziunguza. Lakini kinachoisumbua swichi zaidi ni bisibisi. Ndani ya kifuniko kuna nati mbili zenye springi, na fundi asiyepima hewa huzungusha nati hizo mpaka tak-tak ipungue. Itapungua kweli, kwa sababu ameachanisha namba mbili, na lita chache zaidi zinapita katikati. Ila pampu sasa inalazimishwa kufika psi 50 au 55, maungio ya mabomba yanabeba mzigo ambao hayakuuzoea, na hewa ya tangi inaendelea kuvuja kama kawaida. Miezi michache baadaye wanarudi walipokuwa, na nati zimefika mwisho.

Wapo watakaosema kelele si hasara: mashine inawaka na kuzima, maji yanatoka, tatizo liko wapi? Wengine huja na malalamiko tofauti, kwamba luku inakwisha mapema kwa sababu ya kuwaka kuwaka huko. Wote wawili hawakulenga. Kwanza nikubali kwamba umeme unaopotea ni mdogo. Mota inapoanza huvuta mkondo mara tano, sita, hata saba ya ule wa kawaida, lakini kwa muda usiofika sekunde, na uniti hazihesabiwi kwa mkupuo bali kwa muda. Kama luku inakwisha, tafuta maji yanayovuja, maana hapo unalipia kupandisha maji yaleyale mara mbili. Hasara ya kuwaka kila mara iko kwenye mota. Kila kuanza ni joto kwenye nyaya zake, ni mshtuko kwa kapasita, ni cheche kwenye pointi, na jioni umeme unapokuwa mdogo mota inaanza kwa shida zaidi na joto linaongezeka. Franklin Electric, kampuni ya Marekani ya mota za kuzamishwa visimani, inaweka katika mwongozo wake kikomo cha kuwashwa mara 300 kwa saa 24 kwa mota ndogo kabisa, na mara 100 tu kwa mota za fezi moja kuanzia nguvu-farasi 1 hadi 5. Sasa gawanya. Nyumba inayotumia lita 600 kwa siku, kwa tangi linalotoa lita 8, haiwezi kuiwasha mota zaidi ya mara 75. Likitoa lita 2, ni mara 300. Likitoa nusu lita, ni mara 1,200. Pampu iliyokuwa nzima wakati tulipoihukumu inakuwa mbovu kweli baada ya miezi ya namna hii, na hukumu ya kwanza inaonekana ilikuwa ya haki.

Mgawanyo huohuo unanilazimisha kurekebisha hoja yangu. Si kila tangi linalowasha pampu mara nyingi limekosa hewa. Mengine ni madogo tangu siku yalipofungwa. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba pampu ikiwaka isizime kabla ya dakika moja. Pampu ya kisima inayotoa lita 30 kwa dakika inahitaji basi tangi linalopokea lita 30 kwa mkupuo mmoja, na kwa swichi ya 20 na 40 hilo ni tangi la lita 90 au 100, lenye hewa kamili. Tangi la lita 24 lilitengenezwa kwa ajili ya pampu ndogo inayovuta maji ya akiba pale chini na kuyasukuma bafuni, na kulifunga kwenye pampu ya kisima ni kumpa mtoto mzigo wa mtu mzima. Hata hivyo kipimo cha kwanza hakibadiliki. Huwezi kujua kama tangi ni dogo kabla hujajua kama lina hewa, kwa sababu tangi kubwa lisilo na hewa ni dogo kuliko yote.

Pingamizi zito kuliko mengine ni la wenye minara. Kwa nini tuhangaike na upepo, wanauliza, wakati simtank ikiwekwa juu ya mnara inamaliza kila kitu? Pampu inawaka mara moja au mbili kwa siku, boya linaizima tangi likijaa, na umeme ukikatika maji yapo. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, mwenye lita 2,000 juu ya mnara alilala usingizi ambao mwenye tangi la presha hakuupata. Siwezi kulipinga hilo, na sitaki. Tangi la presha si ghala. Lita 8 zake haziogeshi hata watu wawili wenye adabu. Lakini mnara una bei yake. Kila mita 10 za kimo zinatoa karibu bar 1, kwa hiyo mnara wa mita 6 unakupa bar 0.6, pungufu hata ya nusu ya ile psi 20 ambayo swichi yetu inaiona kama hali ya dharura. Hita ya kuogea ya papo kwa papo huenda isiwake, na bafu la ghorofani litadondosha maji kama kandili inayovuja mafuta. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye simtank zimeongeza pampu ya presha chini yake, na pampu hiyo imekuja na tangi la lita 24, na hadithi imeanza upya. Mnara umeliondoa tatizo kisimani na kulihamishia bafuni. Mwenye nyumba ya chini, asiyetaka hita wala mvua ya bafuni yenye nguvu, na abaki na mnara wake. Amechagua vema na makala hii haimhusu.

Vipo pia vile vidhibiti vya umeme visivyotaka tangi, vinavyowasha pampu bomba linapofunguliwa na kuizima maji yanapoacha kutembea. Ni vyepesi, ni rahisi kufunga, na vingi huzima pampu kisima kikikauka, jambo ambalo swichi ya kawaida hailifanyi. Udhaifu wake ni bomba linalodondosha. Kwa kuwa hakuna akiba ya kutosha katikati, kila matone yanaposhusha presha kidhibiti huamka, kinawasha, kinaona maji hayatembei, kinazima. Choo kimoja kibovu kinaweza kukifanya kikeshe. Dawa yake ni kukiongezea tangi dogo la presha, na tukifika hapo tumerudi kwenye geji ya tairi.

Mwisho kuna suala la fundi, nami sipendi linavyozungumzwa. Ni rahisi kusema mafundi ni wezi. Ninavyoona mimi, wengi wanauza tunachokubali kununua. Fundi akija, akapima hewa, akajaza kwa dakika 20 na kuomba malipo ya ujuzi wake, atajibiwa kwamba hajafanya kitu, amepiga pampu ya baiskeli tu. Akija na boksi lenye pampu mpya, analipwa bila mabishano, kwa sababu boksi linaonekana na hewa haionekani. Soko la namna hiyo haliwezi kumlea fundi anayepima. Wapo wanaopima, na huwa hawana haraka ya kufungua boksi. Ukimpata mmoja, mlipe kwa alichokijua kama ambavyo ungemlipa kwa alichokibeba. Kwa pampu ya kuzamishwa faida ni kubwa zaidi, maana kuivuta kutoka mita 60 au 80 ni kazi ya watu kadhaa, kamba, na bomba refu linalopita uani mpaka kwa jirani, na kote huko wanaenda kuitafuta hewa ambayo ilipotea juu ya ardhi, hatua tatu kutoka mlango wa jikoni.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu simu, chukua ndoo. Fungua bomba mpaka pampu iwake, lifunge, iache ijaze na kuzima yenyewe. Sasa chota taratibu kwenye ndoo mpaka usikie tak, ufunge papo hapo, upime kilichomo. Kwa tangi la lita 24 na swichi ya 20 na 40, zikiwa karibu lita 8, tangi halina kosa na utafute kwingine. Kikiwa kikombe kimoja, zima umeme, fungua bomba la chini, ukaazime geji kwa jirani mwenye gari.